Kumbukumbu ya mradi: riwaya ya muuguzi wa zamu ya usiku, drafti ya tatu

Jumatatu

Drafti ya pili imeisha, sasa niko ndani ya ya tatu. Kwa wanaofuatilia hii kazi toka mwanzo, hadithi ni ileile: muuguzi wa wodi ya mahututi anapokea usiku mwanaume asiejulikana jina, kapigwa kichwani, hana fahamu, na huyu muuguzi anaishi na kaka yake mkubwa ambae ndie aliempiga. Ila kuna kitu kimoja kikubwa nimekibadilisha. Zamani msomaji alikua anajua habari za kaka sura ya 27, karibu kabisa na mwisho, sasa hivi anajua sura ya 4.

Nimefikia hapo baada ya kuwapa watu wachache ninaowaamini wasome, nikawaambia sihitaji sifa, mnachonisaidia ni kuweka alama ya kalamu pembeni ya ukurasa kila mkihisi mnaweza kukifunga kitabu mkaendelea na shughuli zenu. Alama zikajazana katikati, zile sura ambazo muuguzi na kaka yake wako nyumbani tu, wanaongea, wanabishana nani kapoteza funguo. Mimi nikizisoma zile kurasa mapigo ya moyo yananienda mbio kwa sababu najua kaka anaficha nini. Wao hawajui, kwaiyo wanaona ndugu wawili wanabishana kuhusu funguo, basi.

Ndo nikarudi kwenye kile kitu Alfred Hitchcock, muongozaji wa filamu za taharuki, alimueleza muongozaji mwenzake François Truffaut kwenye mahojiano yao ya 1962, yakatoka kama kitabu 1966. Watu wawili wamekaa mezani wanapiga soga na chini ya meza kuna bomu, watazamaji hawajui. Bomu likilipuka wanashtuka, umewapa sekunde 15. Sasa waonyeshe kwanza bomu likitegwa, wajue litalipuka saa saba kamili, na ukutani pale kuna saa, alafu waache wale watu wapige soga ileile ya kawaida. Hapo umewapa dakika 15 za taharuki, soga haijabadilika hata neno, kilichobadilika ni anachokijua yule anaetazama.

Nimeusikia huu mfano mara nyingi sana lakini kuusikia na kuufanyia kazi ni vitu viwili tofauti, maana ukiufuata kweli inabidi ukubali kuitoa siri yako mapema, siri uliyoitunza miezi na miezi, na inauma.

Jumanne

Bomu langu ni redio. Sura ya 4 sasa inamuonyesha kaka anarudi usiku na simu ya yule mgonjwa, anakosa pa kuiweka, anafungua mfuniko wa nyuma wa redio mbovu ya marehemu baba yao, anaichomeka humo ndani. Tukio zima ni ukurasa mmoja na nusu, hakuna maelezo ya kwanini.

Na kutokea hapo sihitaji kumtisha mtu. Muuguzi akisema tu "kaka, hii redio ntaipeleka kwa fundi wiki hii" msomaji anakaa sawa. Akiinyanyua kuifuta vumbi, akiitikisa kidogo akasikia kitu kinagonga ndani, akadhani ni skrubu imelegea... zile sura za katikati zilizokua na alama za kalamu nimezirudia na nyingi sijaongeza tukio jipya hata moja, nimeweka redio mezani tu.

Alhamisi usiku

Utafiti. Huwa naweka utafiti baada ya kujua hadithi yangu inahitaji nini, nikianza na utafiti najikuta nataka kuweka kila nilichosoma na riwaya inakua somo la darasani. Lakini wiki hii utafiti umenipa kitu ambacho kichwa changu peke yake kisingekitoa.

Nilikua natafuta wauguzi wanapimaje fahamu ya mtu alieumia kichwa. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani kinaitwa Glasgow Coma Scale, kiliandikwa 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett. Wanaangalia vitu vitatu: macho yanafunguka vipi, alama 1 mpaka 4, sauti, 1 mpaka 5, na viungo vinajongea vipi, 1 mpaka 6. Jumla ya chini kabisa ni 3, ya juu ni 15, na mtu alieumia kichwa akiwa na 8 kushuka chini hesabu ni jeraha kubwa.

Mnaona ilichonipa? Saa ya ukutani. Muuguzi wangu kila zamu anaandika namba kwenye chati, ni kazi yake, na kila namba ikipanda yeye anafurahi. Kaka akimuuliza nyumbani "yule mgonjwa wako wa kichwa anaendeleaje" anamjibu kwa furaha kabisa, "jana kapanda tena kaka, anaitikia". Msomaji anajua hiyo habari njema inamaanisha nini kwa kila mtu pale mezani. Sikuhitaji kuhesabu siku zilizobaki wala kuandika tishio lolote, namba inapanda taratibu, na ni kweli pia kitabibu, mtu aliepotewa na fahamu namna hiyo haamki ghafla akakaa kitandani akataja jina la muuaji kama tulivozoea kuona kwenye filamu, anarudi kidogo kidogo.

Alafu kuna hili. Mgonjwa mwenye mrija wa kupumulia hawezi kutoa sauti, mrija unapita katikati ya nyuzi za sauti, kwaiyo kwenye ile sehemu ya sauti hawaandiki namba, wanaandika herufi T. Yaani anaweza kufungua macho mwenyewe, akaambiwa minya mkono akaminya, anaelewa, anakumbuka, na hawezi kusema hata neno. Nilivyosoma hapo nilifunga kompyuta nikatembea tembea chumbani, maana nilijua sura ya 19 imepatikana.

Ijumaa, bado sura ya 19

Kaka anakuja kumchukua dada yake zamu inapoisha, kama anavofanya siku zote. Anaruhusiwa kusimama mlangoni. Safari hii anaingia hatua mbili tatu, anasimama miguuni mwa kitanda, na mgonjwa anafungua macho.

Yote haya nayaandika kutokea machoni mwa muuguzi, na yeye hamuangalii kaka yake, anaangalia mashine. Mapigo ya moyo yalikua 78, yanaenda 96, yanaenda 118. Muuguzi mzuri hashtuki, anaanza kutafuta sababu moja moja: ana maumivu? Ana homa? Kuna makohozi yameziba mrija? Dripu inaenda? Anavuta makohozi, anapima joto, anaangalia dripu, kila anachofanya ni sahihi kabisa kwa mujibu wa kazi yake na hakuna hata kimoja kinachogusa ukweli, ambao umesimama mita mbili nyuma yake na koti mkononi. Mgonjwa anaanza kutupa mikono. Mgonjwa anaetupa mikono ana hatari ya kuuchomoa mrija, hilo linajulikana kila wodi ya mahututi, na njia mojawapo ya kumlinda ni kumuongezea dawa ya kumtuliza. Kwaiyo kelele pekee aliyokua nayo yule mtu ya kuomba msaada ndo inayomfanya alazwe tena usingizi, na anaelaza ni mtu anaemtakia mema kuliko wote pale ndani.

"Kaka, hebu nisubiri nje, mgonjwa wangu hajatulia." Ndo mwisho wa sura. Nimejaribu kuongeza aya moja kaka akitoka kwenye korido, nimeitoa. Nikimfuata kaka korido msomaji anapumua, na simtaki apumue bado.

Kitu kimoja kuhusu urefu wa sentensi. Ushauri unaozunguka kila mahali ni kwamba tukio la hatari liandikwe kwa sentensi fupi fupi, kali. Mimi kwenye hii sura nimefanya kinyume na nasimamia hapo. Sentensi fupi zinakimbiza, zinafaa mtu anapokimbia au anapopigana, lakini hofu ya kungoja ni kitu kizito kinachokwenda polepole, msomaji anataka kufika mwisho wa aya na wewe unamwambia ngoja, muuguzi bado anakunja shuka, bado anavaa glavu, bado anasoma joto. Vitu vidogo vya kazi ya kila siku ndo vinabana koo. Nilivyoisoma kwa sauti (kila sura naisoma kwa sauti, hakuna njia nyingine ya kusikia panapolegea) niligundua nilikua nimeshika ukingo wa meza.

Jumapili

Leo sijaandika hadithi, nimetengeneza jedwali. Safu za kushuka ni sura, za pembeni ni tatu: msomaji anajua nini, muuguzi anajua nini, kaka anajua nini. Nimelibandika ukutani kwa karatasi kubwa kwa sababu kwenye skrini silioni lote kwa pamoja.

Kanuni yangu ni kwamba angalau kwenye kila sura safu moja ibadilike, na zisiwahi kufanana zote tatu mpaka sura ya mwisho kabisa. Watu wote wakijua kitu kimoja kwa wakati mmoja, taharuki imekwisha, inabaki fujo tu. Sura mbili hakuna safu iliyosogea, ya 11 na ya 14, maandishi yake nayapenda sana, moja ina maelezo ya alfajiri ambayo nilikua najivunia, zote zinaondoka. Maelezo ya alfajiri nimeyahamishia kwenye faili la mabaki, huwa sifuti kitu moja kwa moja.

Hili jedwali limenifanya nifikirie pia tofauti kati ya hii kazi na hadithi za upelelezi tulizokulia. Muhammed Said Abdulla na Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la uandishi la 1957-58 na kuchapwa 1960, pale kifo kimeshatokea na sisi na mpelelezi wake Bwana Msa tunarudi nyuma kutafuta, raha yake ni akili, ni kuunganisha. Naipenda sana ile namna na ndo iliyonifanya nitake kuandika toka nikiwa shule. Lakini ninachoandika sasa kinaangalia mbele, msomaji haulizi nani kafanya, anauliza huyu dada atajua lini na akijua yupo peke yake na nani. Kwenye upelelezi mwandishi anaficha mbele ya macho yako, huku kwangu nakupa mzigo uubebe na sikuruhusu umwambie mhusika.

Jumatano

Wiki hii kaka. Tangu nitoe siri mapema, kazi yote ya kumjenga imebadilika. Zamani alitakiwa aonekane mwema ili msomaji asimshuku, na wema wa namna ile ulikua pazia tu. Sasa msomaji anajua alichofanya, kwaiyo wema wake inabidi uwe wa kweli. Anampenda dada yake, alimlea baada ya wazazi kufariki, aliacha shule yeye ili dada asome uuguzi. Akimfunika blanketi usiku akirudi kachoka, hafanyi maigizo, anamfunika kweli. Na mkono uleule ndo uliompiga yule mtu.

Sura ya 21 amekaa gizani sebuleni, kaishika redio mapajani, angeweza kuitoa simu akaitupa, hatoi. Wasomaji wangu wataniuliza kwanini hatoi. Jibu nimeliandika pembeni kwa ajili yangu tu, ndani ya ile simu kuna sauti ya baba yao, lakini kwenye kitabu halitoki mpaka sura ya 26. Hii ndo siri moja niliyoibakiza. Nadhani kitabu cha taharuki kinahitaji zote mbili, kile msomaji anachokijua na kinamtesa, na kimoja kidogo asichokijua ambacho kikifika kitageuza maana ya vyote alivyovijua, ila kile cha pili lazima kiwe kimewekewa alama mapema. Nimerudi sura ya 2 nikaongeza sentensi moja tu, muuguzi anakumbuka baba yao alikua hapendi kupigwa picha ila alikua anapenda kurekodiwa akiimba.

Watu huwa wananiuliza napanga kila kitu kabla au naandika tu nikiona inapoenda. Drafti ya kwanza natembea nayo bila ramani, naandika asubuhi kabla kichwa hakijajaa habari za watu, na naacha katikati ya tukio nikiwa bado najua sentensi inayofuata ili kesho nisianze na ukurasa mtupu. Ramani naichora baada ya hapo. Nisingeanza na jedwali nikampata huyu kaka, nimempata kwa kukaa nae.

Hali ilipo leo

Sura ya 1 mpaka 21 zimekaa, kama maneno elfu 62 hivi. Inayofuata ni ya 22, fundi anakuja nyumbani kuchukua redio, na nimebishana na nafsi yangu wiki nzima kama aifungue palepale sebuleni au aondoke nayo. Akiifungua palepale napata tukio kubwa, lakini mbio zinaishia hapo. Akiondoka nayo, redio inakua mikononi mwa mtu wa tatu asiejua chochote, kaka hawezi kuikimbilia bila dada kuuliza, na wodini namba imeshafika pale ambapo madaktari wanaongea kuhusu kuutoa mrija kesho asubuhi.

Anaondoka nayo. Naanza kuiandika kesho, alafu ikiisha naprinti zile sura za katikati niwarudishie walewale wa kalamu, nione alama zimehamia wapi.