Siku moja maishani mwangu: fundi wa paa la stesheni, Moshi

Watu wakisikia natengeneza paa la stesheni ya zamani hapa Moshi wanadhani napigilia misumari kwenye bati basi. Mama mkwe mpaka leo anawaambia majirani "mkwe wangu anaezeka". Haya, chukueni siku ya juzi muone.

Saa kumi na moja na nusu nimeamka, chai ya rangi, bodaboda toka Pasua, saa moja kasoro nipo saiti. Mlima ulikuwa wazi, Kibo chote kinaonekana, na mtu wa Moshi akiona hivyo anajua saa saba jua litawaka kwelikweli na sisi tutakuwa juu ya bati.

Asubuhi ni kukagua. Unapanda na nyundo ndogo unagonga kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, moja moja, mbao nzima inalia ko ko, iliyooza inalia bufu, hapo unachoma na bisibisi, ikizama ujue maji au mchwa wameshapita. Mara nyingi kenchi haiozi katikati, inaozea mguuni pale inapokalia ukuta, maana gata likiziba maji yanarudi ukutani yanakaa hapo miaka. Kwa hiyo bati likipiga kutu usikimbilie bati, fuata maji kwanza. Na hatung'oi kenchi nzima. Unakata ule mguu uliooza tu, unaunga mbao mpya kwa mshazari, unakaza na bolti, ya zamani inabaki kazini. Reli imefika hapa toka Tanga 1911, Waingereza wakaifikisha Arusha 1929, sasa nani kanipa mimi ruhusa ya kutupa kilichobaki kizima?

Saa tatu chai na chapati.

Saa nne ndo balaa. Mbao tulizoahidiwa asubuhi na mapema hazijafika, napiga simu, mangi wa mbao, yule mfanyabiashara anayetuuzia, anasema "fundi, gari iko njiani", napiga tena bado iko njiani, hiyo njia sijui inapitia Himo, mpaka saa sita kenta inaingia na dereva anataka tushushe fasta ana oda nyingine Kiboriloni. Natoa tepu. Mbili kwa sita inasoma tano na nusu, nyingine haifiki hata hapo, na mbao bado mbichi unashika kiganja kinalowa. Nikamwambia dereva hii sishushi. Akasema "shemeji, nusu inchi tu, nani ataiona huko juu?" Nusu inchi! Mguu wa kenchi ukiwa mwembamba kuliko wenzake hauwezi kukaa sawa kwenye kiungio, utaweka vipande vya kujazia, na mbao mbichi ikikauka inasinyaa bolti zinalegea, mzigo wote unahamia kwa jirani. Mangi kwenye simu ananiuliza kama najifanya injinia. Tumebishana mpaka dereva akakaa chini akaagiza maji, mwisho zikarudi zote.

Wakati tunangoja dogo mmoja, saidia fundi, akanionyesha kwenye simu stesheni ya St Pancras ya London, paa la 1868 limefunika reli na mapletifomu, upana kama mita 73 na hamna nguzo katikati. "Fundi, lile ungeweza?" Nikamwambia lile ni la chuma, na adui yake alikuwa moshi wa treni za makaa, una salfa, ukikutana na unyevu unakuwa asidi inakula chuma. Kule wanakwangua kutu, huku tunafukuza mchwa, ila wote tunaanza na maji. Hakunielewa, alikuwa anaangalia ile picha.

Mchana huo sikumbuki hata saa. Tumezibua gata, tumetoa majani na kiota na kandambili moja (ilifikaje huko?), bati linaunguza hadi kupitia soli, misumari ya zamani tunang'oa taratibu maana ukivuta kwa hasira bati linachanika. Mpya tunapiga juu ya mgongo wa bati, siyo kwenye bonde ambako maji yanapita, jambo dogo hilo na nusu ya nyumba za huku kwetu zinavuja kwa sababu yake.

Jioni nimefika nyumbani mgongo hauinamiki, mke wangu kaweka mtori, simu inaita. Mangi. "Fundi nimekupatia mbao kavu, kesho saa mbili. Halafu nina bati mpya za msauzi, nzuri, za rangi nyekundu, ungewashauri waweke hizo wang'oe hayo makuukuu." Nikamwambia aje na mbao tu, na tepu ninayo.