Glita Juu ya Rangi ya Unga: Ninavyopamba Jigi Zangu

Babu yangu wa Pangani alikuwa akirambaza nguru kwa manyoya meupe ya kuku, ambayo aliyafunga kwenye ndoana pamoja na ukanda mwembamba wa karatasi ya fedha, ile inayofungiwa sigara ndani ya pakiti. Mwenyewe hakuwa mvutaji. Pakiti alizikusanya barazani kwa wenzake, na tulipomuuliza kwa nini anajisumbua hivyo alijibu kwamba dagaa akigeuka majini humeta, naye nguru hukifuata kile kimeta kabla hajauona mwili. Leo ninaishi Minnesota, kaskazini mwa Marekani, katika jimbo lenye maziwa zaidi ya 11,000, na nimejikuta nikifanya kazi ileile ya babu ndani ya gereji, ila mahali pa karatasi ya sigara pana glita, yaani chembe ndogo za plastiki zinazometa, na mahali pa nguru pana samaki wa maji baridi aitwaye wolai.

Kwa asiyeijua, jigi ni ndoana iliyosubiwa kichwa cha madini, yaani ndoana na chubwi katika kipande kimoja. Mvuvi huiteremsha hadi karibu na sakafu ya ziwa, kisha huichezesha kwa kuinua na kushusha ufito. Wolai ana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga, ndiyo maana akimulikwa tochi macho yake hung'aa kama ya paka, naye hupenda kuwinda magharibi, alfajiri na kwenye maji yenye giza. Kwa samaki wa namna hiyo, chembe chache zinazorudisha mwanga mdogo uliopo huwa na kazi ya kweli, ingawa nakiri kwamba sehemu kubwa ya glita ninayoipaka hunifurahisha mimi kuliko inavyomfurahisha samaki.

Kichwa cha jigi kikishatoka kwenye kalibu na kusafishwa, mimi hukipaka rangi ya unga. Rangi hii ni plastiki iliyosagwa laini pamoja na rangi, haina maji wala tina, na hushika kwa joto peke yake: unakipasha kichwa moto, unakichovya ungani, nao unga unaogusa madini huyeyuka na kunata. Baadaye jigi huingia kwenye oveni ndogo, na rangi niliyo nayo huhitaji nyuzi 177 za Selsiasi kwa dakika 20 hivi ili ikauke na kuwa ngumu kiasi cha kustahimili mawe. Hadi hapo kazi ni nyepesi, hata mtoto mwenye uangalifu angeiweza. Glita ndiyo iliyonifundisha adabu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuimwaga glita moja kwa moja kwenye kikombe cha unga wa kijani. Nilifikiri kwa akili ya jikoni, ambako iliki hutiwa kwenye unga wa maandazi na harufu yake ikaenea donge zima. Hapa mambo si hivyo. Punje ya rangi ya unga kwa kawaida ina upana wa mikromita 30 hadi 50, ilhali chembe ya glita ninayoitumia ina milimita 0.2, yaani ni kubwa mara nne au zaidi, tena ni bapa kama gamba la samaki. Kila nilipotikisa kikombe vitu hivyo viwili vilijitenga, hivyo jigi za mwanzo zilitoka na upele wa glita upande mmoja na za mwisho zikatoka tupu kabisa. Tatizo kubwa zaidi nililigundua nilipozitazama kwa lenzi: hata chembe zilizoshika zilikuwa zimezikwa, kwa sababu rangi isiyopitisha mwanga ilizifunika juu na chini. Nilikuwa nimetumia glita nyingi kutengeneza jigi za kijani zenye vipele.

Kwa hiyo mahali pa glita ni juu ya rangi ya msingi na chini ya unga angavu, ule ambao ukiyeyuka huwa kama kioo. Wapo wanaochanganya glita na huo unga angavu kisha wakachovya mara moja, na njia hiyo inafaa kwa anayetaka kimeta hafifu kilichosambaa. Angalau glita haifichwi, ila kujitenga kule kikombeni kuko palepale. Mimi nimeiacha. Ninanyunyiza kwa mkono, na ninaona ndiyo njia pekee inayomruhusu mtu kuamua chembe zikae wapi, kwa mfano mgongoni tu, huku tumbo likibaki jeupe kama la samaki mwenyewe.

Ninaishika jigi kwa koleo, upande wa ndoana, na kukielekeza kichwa kwenye mashine ya kupuliza hewa ya moto kwa sekunde kumi au zaidi kidogo kulingana na ukubwa wake. Ninakichovya ungani na kukitoa upesi, kama mtu anayechovya andazi kwenye chai asitake limeguke. Kikitoka kikiwa na sura ya mahameli, joto halikutosha, hivyo ninakirudisha kwenye hewa ya moto hadi uso ulainike na kung'aa kama kauri. Muda wenyewe ndio huo. Kwa sekunde chache rangi huwa laini na yenye kunata, na hapo ndipo ninaponyunyiza glita kutoka kwenye kichupa cha chumvi nilichoziba matundu yote isipokuwa mawili, huku nikiizungusha jigi polepole juu ya karatasi iliyokunjwa katikati ili kinachodondoka kikusanyike na kurudi kichupani. Ukichelewa, rangi hupoa na chembe huteleza. Ukiwahi mno, wakati rangi bado ni kimiminika, baadhi ya chembe huzama na kusimama ukingoni, nazo ndizo zitakazokukwaruza kidole baadaye.

Jigi ikipoa ninaipitishia brashi laini ya kupakia rangi ya maji, ili kila chembe isiyoshika iondoke. Hatua hii watu huiruka, na mimi niliiruka kwa muda mrefu, hadi nilipoona glita ya fedha imeingia kwenye kikombe cha unga angavu na kuanza kujitokeza kwenye jigi nyeusi ambazo sikuzitaka zimete hata kidogo. Unga ukishachafuka hautakati tena. Utaupa jina jipya na kuutumia hivyohivyo.

Unga angavu nao una tabia yake. Kumbuka kwamba unga huyeyuka pale unapogusa kitu chenye moto, na moto wote umo ndani ya madini, huku chembe za glita zikilala juu kama vigae vinavyozuia joto lisipande. Mahali penye glita nyingi unga hunata kwenye nyufa tu, na uso hutoka na vijishimo kama ganda la chungwa. Nilijaribu kuponya hali hiyo kwa kuchovya muda mrefu zaidi, nikapata tone nene kidevuni mwa jigi na ukungu wa maziwa mahali pengine. Dawa iliyonifaa ni tabaka mbili nyembamba: ninapasha, ninachovya kidogo, ninapasha tena hadi uso utulie, kisha ninarudia, na mwisho ninapitisha ukucha. Ukucha ukikwama, bado kuna chembe iliyochomoza. Na dawa iliyo bora kuliko hiyo ni kupunguza glita, kwani jigi iliyofunikwa kila mahali huonekana majini kama kitu kimoja cha kijivu, ilhali yenye chembe zilizotawanyika huwaka na kuzimika kila inapogeuka.

Si glita yote inayostahimili oveni. Ya kwanza niliinunua kwenye rafu ya vifaa vya shule, ikiwa ya dhahabu inayovutia, na baada ya dakika 20 ilikuwa imejikunja na kufifia ikawa rangi ya fedha chafu. Glita ya poliesta huyeyuka kwenye nyuzi 250 na ushee, kwa hiyo 177 haiisumbui, lakini ya plastiki laini kama PVC huharibika mapema na moshi wake si wa kuvutwa. Siku hizi kila kichupa kipya hupimwa kwanza: ninaweka kiasi cha chumvi ya kuonja yai juu ya foili, ninakiingiza ovenini peke yake, na kikitoka na rangi yake ndipo kinaruhusiwa kugusa jigi. Oveni hiyo imo gereji na haijawahi kuona mkate.

Kuhusu rangi sina mengi. Maziwa mengi ya kaskazini mwa jimbo yana maji ya rangi ya chai ya rangi, kwa sababu ya mabwawa ya mboji yanayoyalisha, na humo ninapendelea glita ya dhahabu au shaba juu ya machungwa au kijani. Kwenye maji meupe ninatumia fedha, tena kidogo.

Madini yenyewe yaliwahi kunitia aibu. Niliacha kusubu risasi kwa sababu ya luni, ndege wa jimbo hili, ambaye akimeza jigi moja tu ya risasi anaweza kufa kwa sumu yake, nikahamia mchanganyiko wa bismuthi na bati ulioyeyuka upesi kiasi cha kunifurahisha. Sikujiuliza uliyeyukia wapi. Ni nyuzi 138. Nilipofungua oveni nilikuta ndoana tupu zimening'inia kwenye waya, na chini yake vidimbwi vya fedha vilivyofunikwa ngozi ya rangi, glita ikimeta vizuri kuliko ilivyowahi kumeta. Sasa ninasubu bati tupu, ambalo huyeyukia nyuzi 232, na ninakubali kwamba kalibu ya gramu 7 za risasi hunipa gramu 4.5 hivi za bati.

Jambo la mwisho kabla ya oveni ni tundu la kufungia mshipi, ambalo lazima lizibuliwe wakati rangi bado laini, kwani ukingoja ikauke utalazimika kuligonga, na ufa wa kwanza utaanzia hapo na kwenda moja kwa moja hadi kwenye glita. Ninatumia sindano nene niliyoiazima kwenye kikapu cha ushoni cha mama watoto. Nilipoirudisha ikiwa na chembe mbili za dhahabu zimegandia tunduni, aliitazama, akaniambia nibaki nayo.