Plagi Ilikuwa Chini

Plagi niliichomoa kwa mkono wangu mwenyewe, hata leo naapa. Ilikuwa sakafuni, meno yake mawili yakitazama juu, wakati televisheni ya inchi 21 iliponirusha hadi kwenye mabati ya kibanda.

Ilikuwa mwishoni mwa 2004. Nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, nimewekwa kwa mjomba, fundi wa redio na televisheni pale Ngamiani, Tanga. Kazi yangu kufagia, kufuata kahawa na kufungua makasha. Televisheni ile haikuwaka hata taa. Nikaichomoa bodi, nikaishika kwa chini kama sahani ya ubwabwa, vidole vikatua juu ya miguu miwili ya kapasita kubwa ya pawa, kile kikopo kinachotunza umeme.

Mjomba alicheka kwanza, pole ikaja baadaye.

"Ingekuwa nzima, ungeizima na yenyewe ingeunyonya umeme wote ukaisha. Hii transista, swichi ya kupitisha umeme, imekatika, mpwa wangu. Chaji itoke wapi?"

Ukutani kuna volti 230, akaniambia, lakini kapasita hujazwa hadi kilele cha wimbi la umeme, karibu 325. Akaichomeka tena, akachomoa, akabana mita ya kupimia volti na rezista ya kilo-omu 100, ya kuitolea chaji polepole, kwenye ile miguu, akanivulia saa yake. Nisome kila sekunde 22. Kwa nini 22? Akanizidishia nyuma ya boksi la sigara: mikrofaradi 220 za kapasita mara omu laki moja za rezista.

Nikaandika hapo hapo. Nikizinyoosha kidogo, namba zilikuwa 325, 120, 44, 16, 6, 2. Mara ya kwanza volti mia mbili ziliporomoka kwa mpigo, halafu zile za mwisho zikawa zinajikokota kama mgeni anayeagia mlangoni. Rezista hupitisha kadiri inavyosukumwa. Volti zikipungua na msukumo unalegea, kwa hiyo kila hatua inabakiza theluthi na ushei ya iliyotangulia.

Mjomba akaitoa rezista, akaenda kwa muuza kahawa. Nikabaki na mita. 2. Ikawa 3. Ikawa 4, na plagi bado iko chini! Nikampigia kelele.

"Chaji iliyojipenyeza ndani ndani ya kapasita ndiyo inatoka sasa," akajibu, kikombe mdomoni, bila kugeuka.

Bodi aliirudisha mwenyewe kwenye kasha. Mimi siku hiyo nilishika ufagio.