Mlio Niliouzuia

Jana usiku binti yangu alikuwa mezani na madaftari yake, mkononi ana kalamu ya kubonyeza. Ta. Ta. Ta. Mama yake akamwambia aache kelele. Mimi nilikuwa nimeshafika mbali: Gaza, ile ya Msumbiji, alfajiri, kamba mkononi na baridi miguuni.

Mliokuwa Morogoro miaka ile, tulipofundisha panya kunusa mabomu ya ardhini, mnaijua sauti hiyo. Ta, kisha ndizi. Panya buku akikwangua udongo pale tulipofukia bomu lililokwisha tolewa kiwashio, unabonyeza kidude, naye anakuja mbio kula ndizi iliyopondwa. Miezi tisa hivi ya ta na ndizi, mpaka harufu ya TNT, baruti ya ndani ya mabomu, inakuwa kwake habari ya chakula. Chausiku, panya wangu, nilianza naye mara tu macho yake yalipofumbuka.

Sisi watu tulisomeshwa kwa macho. Mezani kulikuwa na bomu la TM-57, pana kama sinia, kilo sita na ushee za baruti. Hiyo inangoja lori au kifaru, uzito wa mtu kwa kawaida hauishtui. Kulikuwa na POMZ, chuma chenye mistari kama gunzi la mahindi, hukaa juu ya kijiti na waya mwembamba umepita nyasini. OZM hurukia usawa wa kiuno kwanza, ndipo ipasuke. Na kulikuwa na PMN. Duara jeusi la kuenea kiganjani, mfuniko wa mpira, gramu 240 za TNT. Uzito wa mtoto wa shule unaitosha, na mara nyingi haiishii kwenye unyayo. Nilizishika moja moja nikiwaza kwamba mtu alikaa na penseli akaamua: hili la mguu, hili la kiuno, hili la gari. Chausiku kwake zote zilikuwa harufu moja.

Gaza tuliingia 2009. Tulianza kazi kabla ya jua kupanda, kwa sababu panya buku ni wa usiku na jua linawaumiza. Tuliwapaka mafuta ya kukinga jua masikioni na mkiani. Mwenzangu upande ule, mimi upande huu, kamba katikati, Chausiku amefungwa mkanda kifuani, anakwenda na kurudi. Hakufika kilo moja na nusu, hata akipita juu ya PMN haishtuki.

Asubuhi hiyo alipita mara ya tatu akasimama. Akarudi nyuma kidogo. Pua chini, ndevu zinatetemeka, kisha akaanza kukwangua kwa mikono miwili, haraka, kama anayetafuta kitu alichokizika mwenyewe. Akaacha. Akageuza kichwa akanitazama.

Alikuwa anaisubiri ta.

Kwenye uwanja wa kweli hubonyezi. Hujui chini kuna nini. Ukimpa ndizi kwa kosa, umemfundisha kosa, na siku moja kosa hilo litakanyagwa na mtu. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Lakini alinitazama, akakwangua tena, akanitazama tena, na kidude kilikuwa mfukoni, kidole changu juu yake. Niliandika vipimo vya mahali pale. Mwenzangu akavuta kamba. Chausiku akaenda.

Wategua mabomu walichimba baadaye. Msimamizi aliniruhusu nisogee kwa njia iliyokwisha safishwa, nimevaa kizibao na kinga ya uso. Ilikuwa PMN. Mpira wa mfuniko umepasuka nyufa nyembamba, mzizi wa nyasi umeuzunguka, siafu wanapita juu yake. Vita viliisha 1992, na yenyewe ilikuwa bado inangoja mguu. Hatua chache kutoka pale kilipita kijia cha watu.

Waliilipua palepale mchana. Jioni nilikwenda kwenye kizimba cha Chausiku. Alikuwa amelala amejikunja. Ningebonyeza saa hiyo, asingejua ni kwa ajili ya nini. Nikasimama tu.

Mengine yalikwenda upesi. Mkataba uliisha, nikarudi nyumbani. Septemba 2015 Msumbiji ikatangaza kwamba hakuna tena uwanja wa mabomu unaojulikana katika nchi yake yote. Nilisikia redioni nikakaa chini nikalia. Chausiku hakuwepo tena.

Binti yangu alisikiliza yote haya kalamu imetulia. Kisha akauliza, "Sasa baba, ndizi yake hakupata?"

Alipata. Kesho yake, kwenye uwanja wa mazoezi, alikwangua juu ya bomu nililolifukia kwa mkono wangu, bomu lisiloweza kumdhuru mtu yeyote, nami nikabonyeza.