Nilivyojua wakati wa kuacha kupungua na kuanza kulinda uzito

Tatizo: mizani inashuka, lakini mwisho haujulikani. Dawa yake ni kuacha kutazama kilo peke yake. Kwa mtu mzima wa mita 1.65, uzito wa kawaida ni takriban kilo 51 hadi 67, na popote humo panatosha. Kiuno kiwe chini ya nusu ya kimo, yaani sentimita 82 hivi. Ukianza kusikia baridi muda wote, nywele zikidondoka au hedhi ikikatika, acha kupungua hata kama namba uliyoitaka haijafika, umwone daktari.

Usirudie sahani ya zamani kwa mkupuo. Ongeza kalori 100 hadi 150 kwa siku, kaa hapo wiki mbili, ndipo uongeze tena. Hiyo ni kama gramu 100 za matoke yaliyochemshwa, au gramu 30 za unga mkavu wa posho, yaani ugali wa mahindi. Karanga za kusaga ndizo mtego: kijiko kikubwa kimoja tu kina karibu kalori 100, na nani huweka kimoja?

Wengi huharibu wiki ya kwanza. Kilo 1 au 2 hurudi, wanaogopa, wanajinyima upya. Mengi ya hayo ni maji: kila gramu ya wanga inayowekwa akiba mwilini hushika takriban gramu 3 za maji. Jipime asubuhi baada ya choo, kabla ya chai, utafute wastani wa wiki. Wastani huo ukitulia wiki nne, umefika. Rolex ya jioni, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, nayo ihesabiwe: chapati, mayai na mafuta yake.