Valvu ya kulia haigeuki nyekundu tena

Alhamdulillahi! Jana usiku amplifaya ya ami imewaka kwa muda wa saa mbili na nusu hapa Wete bila namba za mkondo wa valvu zake mbili kuhama: miliampea 36 kushoto, 37 kulia. Wiki tatu nimezisaka namba hizi.

Valvu (mirija ya kioo inayokuza sauti; ami huziita taa) nilizoiagizia ni za aina ya EL34, mpya za Slovakia, jozi iliyokwisha kulinganishwa. Zile za zamani za kampuni ya Mullard, kiwanda cha Blackburn Uingereza, nazipenda, lakini bei yake kali, na huwezi kujua zimeshatumika kiasi gani. Hesabu ya bayasi (volti hasi inayozuia mkondo wa valvu usizidi) haikunisumbua: bamba, ile pleti ya chuma ndani ya valvu, lina volti 430, EL34 inastahimili wati 25, asilimia 70 yake ni wati 17.5, basi miliampea 40 na ushei. Nikashuka hadi 36 kwa sababu ya umeme wa mtaani kwetu. Magharibi napima volti 205, usiku wa manane 240. Ukirekebisha bayasi magharibi, usiku unazichoma valvu zako mwenyewe. Mimi narekebisha baada ya saa tano usiku, basi.

Kilichonitesa ni upande wa kulia. Unaanza na 36, baada ya dakika tano 52, dakika kumi 70, kisha bamba linaanza kuiva wekundu katikati na mimi nakimbilia swichi. Kwanza niliilaumu valvu. Nikazibadilisha nafasi, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto: wekundu ukabaki kulekule kulia. Valvu haina kosa! Nikabadilisha rezista ya gridi (sehemu ya valvu inayopokea bayasi), nikasugua soketi kwa spiriti, nikachomelea upya kila kiungo. Hola.

Usiku mmoja nikaichomoa kabisa valvu ya kulia, nikapima pini ya 5, ya gridi, kwenye soketi tupu. Ilitakiwa volti 38 hasi. Ilianza 38, ikateremka polepole mpaka 31, na hakuna valvu! Basi volti chanya zinapenya kutoka hatua ya ukuzaji iliyotangulia, na njia ni moja tu: kapasita ya karatasi ya mikrofaradi 0.1, inayotakiwa kupitisha sauti na kuzuia volti hizo. Nilishaipima kapasita hiyo mara mbili kwa mita ikaonekana nzima. Lakini mita huipima ikiwa baridi, kwa volti chache. Humo ndani inabeba karibu volti 290, na joto la valvu liko pembeni yake. Volti 7 zilizopotea, juu ya rezista ya gridi ya kilo-omu 220, ni kama mikroampea 32. Kidogo hivyo, na kinatosha kuiua EL34. Karatasi hunyonya unyevu, na amplifaya hii imekaa miaka kando ya bahari, ikipigia taarab harusini. Nimezing'oa kapasita zote nne za karatasi, nikatia za plastiki za volti 630 zilizokuja na boti kutoka Dar es Salaam.

Kuhusu mita: namba kwenye skrini si kitu kama waya zake za kupimia ni mbovu. Zangu za mwanzo zilikuwa zikilegea, nikidhani bayasi inacheza. Nimenunua zenye kibanio cha mamba. Unabana amplifaya imezimwa, unawasha, mkono mmoja unautia mfukoni. Volti 430 hazisamehe, na kapasita kubwa za usambazaji umeme zinashika chaji hata ukishachomoa plagi. Mimi huzitoa chaji kwa rezista kila mara, hata nikiwa na haraka.

Mpango ulikuwa nipake rangi sanduku na nibadilishe kitufe cha sauti. Sijagusa. Amplifaya hii ina kirekebishi kimoja cha bayasi kwa valvu zote mbili, na tangu jana nachora njia ya kuipa kila valvu chake. Nafasi ipo nyuma ya transfoma. Nimeshapima, matundu mawili ya milimita 10 yanaingia.

Asubuhi ami alikuja, akaketi, nikamwekea taarab. Ganuni ilipoingia, kila uzi ukasikika peke yake. Akaniambia, "Mwanangu, ongeza kidogo."