Kipovu Nyuma ya Plagi

Binti yangu kasoma mahali kwamba injini za turbo hubana hewa kidogo kuliko za kawaida. "Baba, si ndizo zenye nguvu? Mbona zinabana kidogo?" Nikamwambia hewa huingia silindani ikiwa imeshashindiliwa na turbo, ukiibana tena vilevile, petroli hujiwakia kwa kishindo kabla moto wa plagi haujaifikia, ndiko kugonga kwa injini, na pistoni hupasuka. Akaridhika, akaenda zake. Mimi nikabaki na ile injini kichwani.

Ile ile, niliyoinunua haina turbo nikaapa nitaifungia turbo. Tuliifungua na mzee aliyenifundisha ufundi. Silinda kipenyo milimita 86, pistoni inasafiri milimita 86, kwa hiyo kila silinda ni cc 499.6. Hapo kalkuleta inatosha. Shughuli ni ile nafasi inayobaki pistoni ikifika juu kabisa.

Hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, ililazwa mezani chali, valvu zimefungwa, plagi imekazwa. Mzee akapaka grisi ukingoni mwa chemba, lile bonde la hedi ambamo petroli huwakia, akabandika plastiki angavu yenye tundu dogo, akaiinamisha hedi kidogo tundu liwe upande wa juu. Kisha mafuta ya taa kwa sirinji, polepole. Kila tukidhani imejaa, kipovu kinachungulia nyuma ya plagi. Mzee akaigonga hedi kwa mpini wa bisibisi. Kipovu kikasogea, kikasita, kikateleza chini ya plastiki hadi tunduni.

"Tone moja tena. Basi, soma."

Cc 42.4. Gasketi, ile karatasi ya kuziba kati ya hedi na silinda, ya milimita 1.2 ikaongeza 7.1, shimo la kichwa cha pistoni 6. Jumla 55.5. Gawanya 499.6 kwa hiyo, ongeza moja: hewa inabanwa 10 kwa 1. Kwa presha ya turbo niliyoitamani, hapana.

Mzee akataka gasketi nene ili nafasi iongezeke, yaishe. Lakini kushuka hadi 8.6 kwa 1 kungedai unene wa ziada wa karibu milimita 1.7, na pistoni ikikaa mbali na hedi kiasi hicho haisukumi tena mchanganyiko wa hewa na petroli kuelekea kwenye plagi. Namba inashuka, kugonga kunabaki. Nikaagiza pistoni zenye shimo la cc 16. Alininunia hadi tunafunga injini.

Haikuwahi kugonga. Mzee hushikilia kwamba hata na gasketi yake isingegonga, kwa jinsi nilivyokuwa naikanyaga kwa woga. Sina cha kumjibu.